Mbwa wa kwanza: namna ya kuchagua chotara au mbwa aliyeokolewa bila kumzika ndani ya wiki mbili

"Amekufa tena." Ujumbe wa namna hii nimeupokea mara nyingi kiasi kwamba siku hizi, nikishatoa pole, nauliza swali moja tu: wa kwanza alifia wapi? Jibu halibadiliki. Alifia uani, palepale alipofungwa huyu wa pili.

Mwenye nyumba atasema jirani katia sumu. Mama mkwe atasema nyumba hii haina mkono wa mbwa. Kumbe kirusi cha parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na kila mtoto wa mbwa asiye na chanjo anayeletwa hapo anakikuta kinamsubiri.

Wapo wengine ambao mbwa wao hakufa. Amekua, amekuwa mkubwa kuliko walivyoambiwa, anamrukia kila mgeni, na sasa wanatafuta mtu wa kumpa.

Wote wamekosea mahali pamoja. Walianza na masikio, rangi na bei, wakaacha umri wa mbwa, alikotoka na uani anakoletwa viamuliwe na bahati. Hapa tunaanza na hivyo vitatu. Rangi utaichagua mwishoni kabisa, kama bado una hamu nayo.

Ninaposema chotara namaanisha mbwa wa damu mbili au zaidi, mara nyingi kienyeji na wa kizungu. Aliyeokolewa ni yule aliyetolewa mtaani, aliyeachwa na mtu aliyehama, au anayelelewa kwenye makazi ya wanyama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda kumwona mbwa yeyote

Uzio usio na tundu. Kipimo changu ni kuku wa jirani: akipita yeye, mtoto wa mbwa naye atapita. Ziba kwanza.

Mahali pakavu penye kivuli. Banda si lazima. Kona ya baraza yenye mbao chini na gunia safi juu inatosha, mradi mvua isifike na jua la saa nane lisimkute hapo.

Kola ya kitambaa na kamba imara ya mita moja na nusu hivi. Mnyororo mzito humchubua shingo.

Bakuli mbili nzito, moja ya maji na moja ya chakula. Za plastiki nyepesi ataondoka nazo.

Chakula cha mwezi mzima. Mbwa mzima wa kilo 20 anahitaji kama robo kilo ya unga wa dona na gramu 100 za dagaa wakavu kwa siku. Kwa mwezi ni kilo saba au nane za unga na kilo tatu za dagaa. Ukipata vichwa vya kuku au utumbo kutoka machinjioni, chemsha na upunguze dagaa. Dagaa wa chumvi si chakula cha mbwa.

Nikae kidogo hapa, maana wengi hukosea. Mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mama kasema "haya tumpikie mbwa", yana sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana. Ini hushindwa, macho yanakuwa ya njano, na ndani ya siku chache ameondoka. Kilichokataliwa na watu kwa ukungu kitupwe.

Daktari wa mifugo ambaye umeshaongea naye. Namba tu ya kuazima haitoshi. Mpigie leo, mwulize kama ana chanjo za mbwa kwenye friji na siku anazofanya kazi. Bwana mifugo wa kata mara nyingi anayo ya kichaa, lakini ile ya mchanganyiko wa parvo na distempa, ugonjwa mwingine hatari wa kirusi, hana.

Fedha za siku ya kwanza: uchunguzi, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chanjo. Uliza jumla yake kabla. Kama mwezi huu haifikiki, subiri mwezi ujao. Watu huniambia "nimempata bure", kisha wanashindwa kulipia chanjo, na huyo wa bure analipiwa shimo.

Tenga au boksi imara la kumsafirishia.

## Hatua ya 1: Maliza maneno ya nyumbani na ya uani

Kaa na kila mtu anayelala hapo, pamoja na dada wa kazi, maana mara nyingi ndiye atakayempikia. Mtu akisema "mimi mbwa simtaki", usimshinde kwa wingi wa kura. Mbwa anayechukiwa na mmoja atapigwa ufagio siku wengine hamko, na mbwa anayepigwa kwa siri ndiye anayekuja kung'ata bila kubweka.

Kama umepanga, mwulize mwenye nyumba, na ruhusa yake iwe ya maandishi hata kwa ujumbe wa simu. Nyumba ya wapangaji kumi wanaotumia uani mmoja, kusema kweli, si ya mbwa. Ninajua kuna wanaoweza. Mwanzo wako usiwe huko.

Pwani na Visiwani kuna jambo la kuheshimu. Kwa majirani Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo wameruhusiwa, kwa hiyo ugomvi hutokea pale mbwa anapomgusa mtu anayeelekea msikitini. Bomba lake liwe mbali na la watu, bakuli zake zisichanganywe na za jikoni, na asitoke getini bila kamba. Nenda ukamwambie jirani mapema: "Shikamoo mzee, nataka kuleta mbwa wa ulinzi, nimeona nikutaarifu." Sentensi hiyo imeokoa mbwa wengi na nyama yenye sumu.

Utajua umefaulu pale unapoweza kutaja nani atampikia, nani atasafisha, na nani atabaki naye ukisafiri.

## Hatua ya 2: Uani wako unaamua umri wa mbwa

Jiulize: katika miaka miwili iliyopita, kuna mbwa mdogo aliyefia hapa kwa kuhara damu na kutapika? Kama umehamia hivi karibuni, waulize waliokutangulia.

Jibu likiwa ndiyo, usilete mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo. Sakafu ya saruji unaweza kuisafisha: ondoa uchafu wote kwa sabuni kwanza, kisha mwaga dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iache dakika kumi kabla ya kusuuza. Udongo hausafishiki hivyo. Chukua mbwa mzima aliyechanjwa.

Jibu likiwa hapana, mlango uko wazi, ila mimi bado nitamshauri anayeanza achukue mbwa wa mwaka mmoja hadi mitatu. Sababu zangu:

Kwanza, unachokiona ndicho kilichopo. Mtoto wa chotara ni kitendawili. Utaambiwa atakuwa mdogo, baada ya miezi minane anafika kiunoni. Mbwa wa miaka miwili ameshamaliza kukua, na tabia yake iko mezani.

Pili, mtoto wa mbwa anataka mtu nyumbani mchana. Anakula mara tatu au nne kwa siku, anakojoa kila baada ya saa mbili, na kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ndipo anapojifunza vitu gani duniani si vya kuogopa. Ukimfungia kipindi hicho kwa sababu uko kazini, unatengeneza mwoga, na mbwa mwoga akikosa pa kukimbilia hung'ata.

Tatu, mbwa mzima wa mtaani aliyefika umri huo ameshapita kwenye tundu la sindano. Wadhaifu hawakufika.

Kuhusu dume au jike: jike asipofungwa kizazi hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, madume ya mtaa mzima hulala getini kwako, na siku 63 baadaye una watoto sita wa kutafutia makao. Dume asipohasiwa ataruka ukuta kulifuata jike la mtaa wa tatu. Wote wawili ni wazuri, na wote wawili wafanyiwe upasuaji.

### Neno kuhusu damu

"Chotara wa German" ndiyo bidhaa inayouzwa zaidi, na bei yake hupanda kwa masikio. Masikio kusimama hayathibitishi kitu. Kienyeji wetu wengi masikio yao yamesimama tangu enzi za mababu, na hawajawahi kuiona Ujerumani. Mwombe muuzaji akuonyeshe mama. Asipokuwepo mama, hesabu kwamba unanunua kienyeji, na ulipe bei ya kienyeji, ambaye kwa anayeanza ni mbwa mzuri kabisa: manyoya mafupi, mwili wa wastani, anavumilia joto.

Chotara wa mbwa wenye manyoya marefu mazito, kama Spitz, atateseka Dar es Salaam au Mombasa kuanzia Desemba mpaka Machi. Arusha, Iringa au Limuru sawa. Na chotara wa Rottweiler au Boerboel mwache kwa sasa. Si wabaya, ila kosa la mwenye mbwa wa kilo 15 ni suruali iliyochanika, na kosa lilelile kwa mbwa wa kilo 50 ni wodi ya majeruhi.

## Hatua ya 3: Chagua chanzo

Naviorodhesha nilivyovizoea, kuanzia ninachokiamini zaidi.

Mtu anayehama na mbwa wake mzima. Mbwa ana historia, ana kadi, na mwenyewe yupo wa kuulizwa.

Makazi ya wanyama. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kutetea wanyama, huko Karen. Upande wa Arusha kuna shirika liitwalo Mbwa wa Africa. Watakuuliza maswali mengi, pengine waje kuona uzio wako. Usikasirike. Anayekuhoji kabla ya kukupa mbwa ndiye atakayempokea akikushinda.

Nyumba alikozaliwa, ambako unamwona mama akinyonyesha. Mama mtulivu aliyechanjwa huwapa watoto wake mambo mawili makubwa, kinga na mfano.

Mbwa wa mtaani uliyemzoea, anayekuja getini miezi kadhaa. Anafaa, kwa masharti ya hatua ya nne.

Barabarani, wale watoto wanaonyanyuliwa juu kwenye madirisha ya magari kwenye foleni. Usinunue. Wamechanganywa kutoka mama mbalimbali, wamekaa kwenye boksi moja, na mmoja akiwa na parvo wote wameipata. Dalili hutokea kwa kawaida siku ya tatu hadi ya saba. Ndiyo maana anaruka na kucheza unapomlipia, na siku ya tano unanitumia ujumbe. Najua utasema unamwonea huruma. Kila unayemnunua hapo analipia boksi la wiki ijayo.

## Hatua ya 4: Ziara ya kwanza, kagua mwili

Nenda asubuhi, nenda mikono mitupu. Tenga na kamba viache nyumbani kwa makusudi, kwa sababu aliyebeba tenga hurudi na mbwa.

Anza kwa mbali. Anatembea sawasawa? Anakohoa? Kisha, kama anaruhusu kuguswa:

Macho na pua. Machozi membamba si neno. Usaha wa njano machoni na puani, pamoja na kikohozi, inaweza kuwa distempa. Ondoka, na ukifika nyumbani badilisha nguo kabla hujamshika mbwa mwingine.

Fizi. Bonyeza kwa kidole: mahali patakuwa peupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka maana yake damu imepungua, kwa kupe au minyoo. Kienyeji wengine wana fizi nyeusi. Hao watazame ndani ya kope ya chini.

Meno. Hapa ndipo uongo wa umri unapoumbuka. Meno ya utotoni huanza kuchomoza wiki ya tatu au ya nne, na wiki ya nane mdomo unakuwa na meno 28 membamba kama sindano. Ukiambiwa "ana miezi miwili" na meno ya mbele ndiyo kwanza yanachungulia, huyo ana wiki nne na hajapaswa kumwacha mama. Mwenye miezi saba ana meno 42, mapana na meupe.

Tumbo. Tumbo la ngoma kwenye mwili uliokonda ni minyoo. Linatibika, lisikufukuze.

Ngozi. Mabaka yasiyo na manyoya yanaweza kuwa upele. Aina moja hutibika na huambukiza watu kwa muda, nyingine haiambukizi. Daktari ndiye wa kuzitofautisha. Tazama masikio kwa kupe, na katikati ya vidole kwa funza.

Sehemu za siri. Watu huona aibu wakaruka hapa. Kwa mbwa wazima wa mtaani upo uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Unafanana na koliflawa na hudondosha damu. Hutibika kwa sindano za kila wiki za dawa ya saratani, na wengi hupona kabisa. Ni gharama ya kuijua kabla.

### Onyo: kichaa cha mbwa

Usichukue mbwa aliyemng'ata mtu au aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana hivi karibuni. Usimsogelee anayedondosha mate, anayeyumba, au aliyebadilika ghafla, mkali akawa mpole kupita kiasi au mpole akawa mkali.

Ukikwaruzwa au kung'atwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa, usisubiri uone. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Utajua umefaulu ukitoka na orodha ya kasoro unazozijua. Mbwa asiye na kasoro yoyote maana yake hujakagua.

## Hatua ya 5: Ziara ya pili, kagua tabia

Rudi baada ya siku mbili au tatu, saa tofauti na ya kwanza. Mbwa aliyeshiba asubuhi na mbwa mwenye njaa jioni wakati mwingine ni viumbe wawili.

Keti chini, ubavu ukiwa upande wake, usimtazame machoni, kaa kimya dakika tano. Unayemtaka atakuja kukunusa, aondoke, arudi. Anayekuja kwa tumbo chini akijikojolea ana hofu nyingi. Anayekaa mbali akikukazia macho, mkia umesimama na mwili umekakamaa, mwachie mzoefu.

Dondosha funguo nyuma yako. Kushtuka ni sawa. Ninachotazama mimi ni anachofanya baadaye: akirudi kunusa ni kitu gani kilichoanguka, huyo ana moyo mzuri. Akikimbilia kona na kubaki huko dakika kumi, kazi unayo.

Mwombe mwenyeji amguse miguu, masikio na mkia, kisha ufanye wewe. Usitie mkono kwenye bakuli wakati anakula ili "kumpima". Unachopima hapo ni vidole vyako. Tazama tu kwa mbali kama anakakamaa mtu akipita.

Kama ni mtoto, usimchukue anayekurukia wa kwanza wala anayejificha nyuma ya mama. Wa kwanza atakuchosha, wa mwisho atakuvunja moyo. Yuko wa katikati, anayecheza na wenzake, akikuona anasimama, anafikiri, ndipo anakuja. Huyo.

Na kama unatafuta mlinzi: humhitaji mkali. Anayebweka kwa sauti usiku wa manane ameshafanya kazi yake. Nimewahi kukuta mbwa aliyelishwa pilipili na dondora "awe mkali", amefungiwa gizani mchana kutwa. Alichojifunza yule mbwa ni kuwachukia watu wote, na mtu aliyekuwa karibu naye kila siku ni mtoto wa mwenye nyumba.

## Hatua ya 6: Maswali na karatasi

Uliza haya, kisha nyamaza usikilize:

- Kwa nini mnamwachia?
- Amewahi kumng'ata mtu au kumla kuku?
- Analala wapi, anakula nini, anamwogopa nani?
- Amekaa na watoto? Na paka?
- Amepewa dawa ya minyoo lini, na ipi?

Swali la kuku ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mbwa aliyeonja kuku wa jirani hasahau, na kesi yake hufika kwa mjumbe.

Kadi ya chanjo iwe na tarehe, jina na sahihi ya daktari, na zaidi ya yote kile kibandiko kidogo kinachobanduliwa kwenye chupa ya chanjo. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, tarehe zote tatu, bila kibandiko, ihesabu kama haipo na uanze upya. Kuchanja tena hakumdhuru mbwa mwenye afya.

Kubalianeni kwa maandishi kwamba akishindikana ndani ya mwezi mmoja anarudi. Anayekataa sharti hilo amekueleza jambo kuhusu mbwa wake.

## Hatua ya 7: Siku ya kumchukua

Iwe asubuhi ya siku ya kazi. Ukimchukua Jumamosi jioni, akiumwa usiku utakutana na milango iliyofungwa mpaka Jumatatu.

Asile kwa muda wa saa tatu kabla ya safari. Kwenye bodaboda awe ndani ya tenga lenye kitambaa chenye harufu ya alikotoka. Kiroba ni jeneza, hasa juani. Mbwa mzima apande gari, na kamba mtu aizungushe kifundoni. Mbwa wengi waliookolewa hupotea siku tatu za kwanza, katikati ya gari na geti.

Pitia kwa daktari kabla ya nyumbani. Ratiba utakayopewa itakaribiana na hii:

Chanjo ya mchanganyiko huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki ya 16. Moja haitoshi. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye inaisha siku gani hasa, ndiyo maana tunarudia. Wengi waliofiwa walikuwa wamechanja mara moja. Kwa mbwa mzima asiye na kadi, daktari atachanja mara moja au mbili.

Chanjo ya kichaa hutolewa akifika miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo halmashauri nyingi huchanja bure. Sikiliza matangazo.

Dawa ya minyoo: kila wiki mbili mpaka wiki ya 12, kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Anayekula matumbo mabichi ya kondoo na mbuzi, kama ilivyo kwa wafugaji wengi, apewe yenye prazikwanteli. Tegu mmoja wa mbwa huwaletea watu malengelenge makubwa kwenye ini na mapafu. Turkana wanaujua ugonjwa huo vizuri.

### Dawa tatu za kutomgusa nazo

Aivameki (ivermectin) ya mbuzi na ng'ombe, kwa kukisia kipimo: chotara mwenye damu ya Collie au mbwa wachungaji wa jamii hiyo anaweza kufa. Dawa ya josho la ng'ombe, kumwogeshea kupe. Na panado. Watu hunijibu "mbona wa kwangu hakufa". Sawa. Wa jirani yake alikufa.

## Hatua ya 8: Siku 14 za kwanza

Mbwa mgeni hajui kwamba amekuja kuishi. Anafikiri ametekwa. Mpe kona yake na umwache. Wageni wasije kumwona, watoto wasimbebe, asiogeshwe wiki ya kwanza labda ananuka hata ninyi hamuwezi kula. Mlishe alichozoea siku tatu, kisha changanya chakula chako kidogokidogo, maana kubadilisha ghafla humharisha na utadhani ni parvo.

Mtoe kwa kamba hata kama uani una ukuta. Mpe jina fupi, Simba au Popi, na lisiitwe wakati wa kumgombeza. Kila akikojoa mahali panapotakiwa mpe kipande cha dagaa papo hapo, sekunde hiyohiyo. Ukichelewa kidogo, umemzawadia kitu kingine.

Mtoto ambaye hajamaliza chanjo asitembezwe barabarani, lakini mbebe mikononi aone bajaji, watoto wa shule, mtu mwenye mwamvuli. Kipindi kile cha wiki 14 hakirudi.

Kimbilia daktari siku hiyohiyo ukiona anatapika zaidi ya mara mbili, anahara damu yenye harufu kali, amekataa maji, au mkojo umekuwa mwekundu wa kahawia, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kupe. Kwa parvo kila saa ina thamani, na kinachookoa ni maji ya mshipani. Maziwa na mayai mabichi hayajawahi kuokoa.

Kufaulu kunaonekana hivi. Siku ya tatu anakula mkiwa mnaangalia. Siku ya saba choo chake kimeshikana na analala ubavu, miguu imenyooka. Mbwa mwenye hofu hulala amejikunja, kichwa juu. Siku ya 14 anakuja akiitwa na ameshambwekea mtu asiye wa nyumba hiyo. Hapo ndipo mpange na daktari siku ya kuhasi au kufunga kizazi.

Ikipita wiki ya nne na bado anawakoromea watoto au anajificha mchana kutwa, itumie ile karatasi ya hatua ya sita. Mrudishe. Kumwacha sokoni au stendi usiku ni kosa, na kesho yake atakuwa anamng'ata mtu mwingine.

Mama mmoja wa Morogoro, aliyezika watoto watatu wa mbwa chini ya mwembe mmoja, alisikia haya yote akaguna. Mwishowe akachukua jike la miaka miwili kutoka kwa mtumishi aliyekuwa anahamishiwa mkoa mwingine. Kadi ilikuwa kamili, masikio yameanguka, rangi ya vumbi. Mwezi wa pili alinipigia kwa hasira: amefukua matuta yote ya mchicha. Nikamwambia anunue mita sita za wavu wa kuku, auzungushe, na amchimbie mbwa shimo lake la mchanga upande wa kivuli.